Kufuli Halizimi Taa

Tega sikio, na ukishindwa unipe mji. Nimemtuma mtoto wangu safari. Mlangoni kwangu katoka vipande vipande, kila kipande kikashika njia yake bila kumngoja mwenzake. Na kule alikotumwa kaingia mzima, hata kifungo cha shati hakikudondoka. Ni nani?

Fikiri taratibu, hakuna anayekukimbiza. Mwenye kitendawili hiki ni Bibiana wa Moshi, na alikitunga baada ya wiki mbili za kuumwa kichwa. Mtu wa kwanza aliyemtegea alishindwa akampa Arusha nzima na viunga vyake.

Watu walimwita Mama Careen, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mwaka ule wa 2009 alikuwa ametimiza miaka hamsini na mmoja, na sita kati ya hiyo aliitumia kununua nguo za watoto Guangzhou, China, na kuzisafirisha Dar es Salaam. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tisa, katika jengo la zamani nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Alikuwa na meza, kompyuta, printa ndogo, na makatoni yaliyompunguzia mahali pa kuweka miguu. Shule yake iliishia darasa la saba. Kompyuta aliijua kama mtu anavyomjua mkwe: unamsalimia, unampa nafasi yake, humuulizi mambo ya ndani.

Aliyembadilisha ni fundi Heriel, Mpare mwenye mvi aliyekuwa akitengeneza kompyuta za wafanyabiashara kule mtaa wa Sanyuanli. Mwezi wa sita barua pepe za Mama Careen zilianza kukwama. Picha moja ya gauni ilichukua nusu saa kuondoka. Yeye hakuwa na shaka nani mchawi wake. Intaneti ya ukumbi mzima iliingilia chumba cha mwisho, kwa Karanja, Mkenya muuza suruali za jinzi; kwake ndiko kulikokuwa na kisanduku kikubwa, ruta, na kutoka pale waya ulipita juu ya dari ukagawiwa chumba hadi chumba. Karanja alipenda kupakua mechi za mpira. Basi siku moja Mama Careen akasimama katikati ya ukumbi, watu wakiwa wamejaa, akamwita kupe.

"Kupe wa mtandao! Unanyonya mpaka wenzako tunakauka!"

Karanja hakupandisha sauti. "Sawa, mathe," alisema. "Kuanzia leo, mimi kwako ni ukuta. Na ukuta hausalimiwi."

Fundi Heriel akaja, akafungua kompyuta ya Mama Careen, akacheka mpaka miwani ikamteleza. Ndani mlikuwa na virusi, vilikuwa vikituma takataka usiku na mchana kwa watu wasiojulikana. Kupe alikuwa wake mwenyewe. Karanja wa watu hakuwa na kosa hata chembe.

Mama Careen aliona aibu. Lakini aibu haikumfikisha kwenye mlango wa Karanja. Alijiambia kesho, akajiambia Jumatatu, na wiki tatu zikapita wakipishana ukumbini kama wageni. Badala ya kwenda kuomba radhi alimng'ang'ania Heriel: "Nifundishe. Sitaki tena kumtukana mtu kwa jambo nisilolijua."

Heriel alikuja kila Jumamosi, akalishwa makande, akafundisha.

"Mzigo wako wa makatoni arobaini, unauandikaje?"

"Naandika jina langu, Dar es Salaam, moja ya arobaini, mbili ya arobaini, mpaka mwisho."

"Ya nini yote hiyo?"

"Yakifika yamechanganyika, tuyapange. Moja likipotea, tujue ni lipi."

"Basi barua pepe ni hivyo hivyo. Haiendi nzima. Inakatwa, kila kipande kinaandikwa anwani na namba yake. Kimoja kinaweza kupitia Hong Kong, kingine kikazungukia huko kusikojulikana. Mwisho wa safari vinapangwa. Kilichokosekana kinaagizwa tena."

"Na hao wa njiani wanaovipokea, wanajua Dar iko wapi?"

"Hawajui, wala hawana haja. Kila mmoja anajua wa mbele yake tu. Anasoma anwani, anasukuma."

"Kumbe ni kama makuli wa kupokezana ngazini." Hapo ndipo yule mtoto wa vipande vipande alipozaliwa.

Jumamosi nyingine Heriel alimfundisha kubisha hodi. Ukifungua dirisha jeusi la kompyuta ukaandika neno fupi na anwani, mashine yako hutuma kisalamu kidogo: upo? Mwenzake akiwa mzima hujibu, nipo, na inaandikwa imechukua muda gani. Asipojibu, dirisha huandika muda umekwisha, hakuna jibu. Unaanza kwa kujibishia hodi mwenyewe. Kisha unabisha kwa ruta. Kisha mbali zaidi. Pale jibu linapokoma ndipo pa kutafuta ugonjwa.

"Na sasa nakutega mimi," Heriel alisema akifuta mdomo. "Umebisha hodi, hujajibiwa. Hamna mtu ndani, au yumo kanyamaza? Utajuaje?"

Mama Careen alikuna kichwa. Hakutoa jibu, na mji pia alikataa kutoa.

Sasa shika hapo, kwa sababu Alhamisi ya wiki iliyofuata hapakuwa na utani.

Mwezi ule polisi walikuwa wakikagua pasipoti kila kona. Mtu alitoka kununua mkate asirudi. Baadaye ukasikia yuko kituoni, au ameshapandishwa ndege na mzigo wake umebaki kwa watu. Pasipoti ya Mama Careen haikuwa mkononi. Ilikuwa ofisi ya uhamiaji kuongezewa viza, ilipelekwa na Jeremiah, Mtanzania wa Sanyuanli aliyewasaidia wenzake na makaratasi. Haki yote ya Mama Careen ilikuwa kwenye stakabadhi moja yenye muhuri mwekundu, na stakabadhi hiyo Jeremiah aliisahau kwenye droo yake.

Saa nane na robo mchana Caro aliingia mbio. Caro alikuwa muuza viatu wa chumba cha jirani, Mkenya, na pasipoti yake ilikuwa safi, lakini midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama Careen, wameingia! Wamesimamisha lifti, milango ya chini imefungwa. Wanapanda ghorofa kwa ghorofa."

Mama Careen alishika simu. "Jeremiah! Stakabadhi yangu!"

"Mama, hapo siwezi kufika. Lakini naiskani sasa hivi. Fungua barua pepe, chapisha uwaonyeshe. Juzi mwenzetu Agripina aliachiwa kwa karatasi ya hivyo hivyo, polisi walipiga simu uhamiaji wakaikuta namba yake."

Dakika tano baadaye simu ikalia: "Imeshaenda, mama. Fungua."

Alifungua. Ukurasa mweupe. Akasubiri, akafungua tena. Mweupe.

"Serikali imekata mtandao," Caro alisema. Kutoka vyumba vya jirani wengine walikuwa wakisema hayo hayo: wamekata, wamekata China nzima, tumekwisha. Mwezi ule mambo mengi ya mtandaoni yalikuwa yamefungwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Mkono wa Mama Careen ulijua pa kwenda. Alifungua dirisha jeusi. Akajibishia hodi mwenyewe: nipo. Akabisha kwa ruta, kule kwa Karanja. Muda umekwisha, hakuna jibu. Akabisha tena. Hakuna jibu.

Alipiga magoti chini ya meza. Pale palikuwa na kisanduku kidogo cha kugawia waya, chenye taa tano. Ya kwanza, ya kompyuta yake, ilikuwa ikikonyeza. Ya tatu, ya waya uliotoka kwa Karanja, ilikuwa imekufa.

"Caro, hawajakata China," alisema akiwa bado chini. "Wamekata hatua thelathini kutoka hapa. Ruta imezimwa."

"Karanja ametoka tangu asubuhi. Mlango una kufuli."

"Saa saba na nusu nilituma picha, taa ilikuwa inawaka. Umeme wa ukumbi upo. Kufuli halizimi taa, Caro. Mtu ndiye anayezima."

Caro aliangalia pembeni. Mama Careen alimtazama hadi akalegea.

"Ni mimi nimemfungia kwa nje," Caro alinong'ona. "Viza yake imeisha miezi minane. Alisema atazima kila kitu ndani, chumba kionekane kimekufa. Mama Careen, tafadhali..."

Kutoka ngazini sauti zilipanda: viatu, redio za mkononi, mlango uliogongwa kwa kiganja. Ghorofa ya nne. Labda ya tano.

Mama Careen alikwenda. Ukumbi ulikuwa mtupu, milango yote imefungwa. Chumba cha mwisho kilikuwa na kufuli kubwa la shaba. Alipiga magoti, shavu likagusa sakafu, mdomo ukawa kwenye uwazi chini ya mlango. Kulikuwa na giza na harufu ya jinzi mpya.

"Karanja."

Kimya.

"Karanja, ni mimi, Mama Careen. Najua umo. Taa yako ilizimika kwangu."

Kimya.

"Karanja, bado umeninunia?"

Hakuna jibu. Hotuba ya wiki tatu aliyokuwa akiiandaa ilimpotea yote.

"Kupe hukuwa wewe. Ilikuwa kompyuta yangu, ilikuwa na virusi. Nimelijua hilo wiki tatu na sikuja kukwambia. Sasa nakuja siku nina shida, na mimi mwenyewe naiona aibu hiyo. Karatasi yangu imo kwenye barua pepe. Bila ruta sina kitu mkononi, watanichukua."

Chini mlango mwingine uligongwa. Ghorofa ya sita.

"Nisikilize, mwanangu. Feni iache imezimwa, runinga iache. Washa ruta peke yake. Vyumba vilivyofungwa vyote humu vina visanduku vinavyokonyeza, hakuna anayeshangaa. Chumba kilichozimika ghafla, saa ya msako, ndicho kinachoulizwa."

Je, hilo lilikuwa kweli, au lilikuwa kweli kwa sababu yeye alilihitaji? Mama Careen alijiuliza pale pale sakafuni. Ndani hapakusogea kitu.

Akajiinua kwa kushika ukuta, akarudi.

Aliiambia kompyuta ibishe hodi bila kuacha. Mistari ikashuka. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Caro alisimama mlangoni akihesabu kwa sikio: "Wako ya saba." Mama Careen alitazama mistari ile akamkumbuka Heriel akifuta mdomo. Hamna mtu, au yumo kanyamaza? Katika dirisha jeusi vyote viwili vinaandikwa sawasawa. Ungeweza kukaa hapo mpaka mvi ziote na usijue.

Alimfikiria Careen, mwaka wa pili chuoni. Alifikiria makatoni haya yaliyomzunguka, magauni ya ubatizo ya watoto wa watu, yakiachwa hapa mpaka mwenye jengo ayatupe. Hakuna jibu. Hakuna jibu.

"Ya nane," Caro alisema.

Hakuna jibu.

Nipo.

Mama Careen hakuamini. Mstari mwingine ukaja: nipo. Akainama chini ya meza, na taa ya tatu ilikuwa ikikonyeza, kijani, kama jicho la paka.

Hakushangilia. Alifungua barua pepe. Ukurasa ukavuta, ukakwama, ukavuta. Ile picha ilishuka kutoka juu kidogo kidogo: kwanza kichwa cha karatasi, kisha jina lake, kisha nusu ya muhuri. Akamwona yule mtoto wake akiingia mlangoni kipande kwa kipande. "Njoo, mama," alimnong'oneza, "njoo mzima, usiache kifungo." Printa ikakohoa, ikaanza kuchora.

Walipoingia, karatasi ilikuwa bado ya moto.

Walikuwa wawili. Mmoja mtu mzima mwenye jasho, mwingine kijana mwenye miwani, kila mmoja na daftari mkononi.

"Huzhao," alisema mzee. Pasipoti.

Caro akatoa yake. Mama Careen akatoa karatasi kwa mikono miwili, kama anavyompa padri sadaka. Mzee aliisoma, akaigeuza, nyuma kukawa kweupe. Akatikisa kichwa. Alitaka karatasi halisi. Mama Careen, kwa Kichina chake cha sokoni, alionyesha namba chini ya muhuri, akafanya mkono kama simu sikioni. Piga. Uliza.

Mzee alisita, akapiga. Alisoma namba polepole, akangoja.

Kijana hakuwa akiitazama karatasi. Alikuwa akitazama kompyuta. Dirisha jeusi lilikuwa bado wazi, mistari ikishuka: nipo, nipo, nipo. Akainama, akaona taa tano. Macho yake yakaushika ule waya, yakapanda nao ukutani, yakaingia nao kwenye tundu la dari, yakageuka upande wa chumba cha mwisho.

Mama Careen aliyafuata macho hayo. Huyu amesoma. Huyu anajua.

Mzee akakata simu. Alisema neno, akarudisha karatasi, akaandika jina daftarini. Basi. Imekutwa. Mama Careen alikuwa huru.

Lakini kijana alikuwa ameshatoka kwenda ukumbini. Alitembea akitazama dari hadi mlango wa mwisho. Akalishika kufuli, akaliachia likagonga. Akapiga mlango kwa kiganja mara tatu. Hakuna jibu. Akapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga Mama Careen, akachungulia chini. Gizani taa ilikonyeza kijani, ikakonyeza tena.

Akainuka, akamgeukia Mama Careen, aliyekuwa amemfuata pamoja na Caro. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka aeleweke: nani yumo?

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Mama Careen, bado na joto la printa. Neno moja lingeifanya ichanwe. Caro alikuwa ameganda kama nguo kwenye kamba. Mama Careen alikumbuka neno aliloambiwa na wauzaji kila siku ya miaka sita, kila alipotaka saizi ambayo hawakuwa nayo au bei ambayo hawakuitaka. Walilisema bila hata kumtazama. Yeye alilisema akimtazama machoni.

"Meiyou," alisema. Hakuna. Akaongeza, akionyesha ile taa chini ya mlango: "Mashine tu. Inajibu yenyewe."

Kijana akalitazama kufuli, na vumbi la sakafuni lililofutwa na shavu la mtu, na vumbi lililobaki kwenye kanga ya Mama Careen. Kama alijua, hakusema. Kutoka ngazini mzee alimwita kwa hasira, ghorofa ya kumi inangoja. Kijana aliandika kitu kifupi daftarini, akaondoka.

Wanawake wawili walisimama wakisikiliza. Viatu vilipanda, vikazunguka juu ya vichwa vyao, milango ikagongwa, mtu akapaza sauti kisha akanyamaza. Baadaye, baada ya muda mrefu kweli, lifti ikanguruma ikashuka nao. Caro alianza kulia na kucheka kwa pamoja, akitafuta ufunguo wa kufuli mifukoni ilhali ameushika mkononi.

"Subiri kwanza usifungue," Mama Careen alisema.

Akapiga magoti tena, magoti yakalalamika. Akaweka mdomo kwenye uwazi.

"Karanja. Wameshuka."

Kimya.

"Nilikuuliza swali."

Jinzi zilisogea gizani. Kitu kilikwaruza sakafu, karibu, kama mtu aliyelala kifudifudi upande wa pili, uso kwa uso naye, mlango tu katikati.

"Mathe," sauti ikaja, kavu ya kukosa maji, "nipe mji kwanza."

"Chukua Moshi."

"Moshi kuna baridi."

"Chukua Moshi na mlima wake, na makande ya Jumamosi."

Mwanga wa kisanduku ulikonyeza kijani juu ya sakafu, kati ya mashavu yao.

"Nilikuwa nimenuna," Karanja alisema, "lakini kabla ya kuwasha hiyo taa, niliacha."